Kaburi la frigoliti si uchawi



Kila mwaka, mwezi wa kumi ukielekea mwisho, simu za huku Kivu hupokea picha za namna moja. Nyumba nzuri ya mbao, nyasi zimekatwa, gari liko pembeni, na mbele ya mlango kuna makaburi. Si moja. Ni saba, ni kumi, yenye mawe ya kijivu yaliyopasuka, mafuvu, na mikono inayotoka udongoni. Katikati yake amesimama mtoto wetu, mpwa au mjukuu, anacheka. Picha imetoka Louisville, Boise, Grand Rapids au Abilene, miji ya Marekani ambako ndugu zetu walipelekwa kutoka kambi za Tanzania, Burundi na Uganda. Mwaka 2016 peke yake Wakongomani waliopokelewa kule kama wakimbizi walipita 16,000, kwa hiyo ni familia chache huku ambazo hazina mtu upande ule.

Baada ya picha huja sauti. Mama mmoja kambini alinisikilizisha moja aliyotumiwa na dada yake mkubwa. Dada huyo hayuko Marekani, yuko huku huku, mji wa jirani. Alikuwa ameona picha ya mpwa wake wa miaka 11 akishika jiwe la kaburi alilolitengeneza mwenyewe. Analia katika sauti hiyo, anasema mtoto “amekwisha kuingizwa”. Halafu anaongeza kwamba wadogo zake waliobaki Kongo nao wapelekwe kuombewa haraka, kabla hawajaanza kuwala watu wa nyumba.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Sizungumzii tu sikukuu ya watu wa mbali. Nazungumzia watoto wawili wanaolala chini ya bashi, ambao hawajaona Halloween hata siku moja, na ambao picha ya kaka yao inaweza kuwatoa mikononi mwa mama yao. Sisi sote tunajua kinachofuata mtoto akiitwa mchawi: kufungiwa chumbani, kunyimwa chakula kwa jina la kufunga, kupigwa ili akubali, na mwishowe barabara. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kumtuhumu mtoto uchawi na imeweka adhabu. Lakini sheria iko Kinshasa kwenye karatasi, na sauti ya WhatsApp iko hapa kwenye hema.

Basi msimamo wangu nausema wazi. Kaburi la kwenye picha zile ni kazi ya mikono, na mtu wa huku asiyejua limetengenezwa namna gani hana ruhusa ya kumhukumu mtoto kwa ajili yake. Na kwa kuwa wengi hawajui, nitaeleza.

Nina ndugu anayeishi Grand Rapids. Jirani yake ni mzee Mmarekani aliyestaafu, na kila mwaka mzee huyo hugeuza parseli yake kuwa mahali pa kutisha watoto. Kwa simu ya video nimefuata kazi yake tangu ubao wa kwanza. Nilimuuliza maswali mengi hadi ndugu yangu akachoka kutafsiri.

Kwanza, si jiwe. Ni frigoliti, ndugu wa ile nyeupe inayozunguka televisheni mpya ndani ya katoni. Hii yao ni ngumu zaidi, ya rangi ya waridi au ya bluu, na kazi yake ya kweli ni kupigana na baridi: wajenzi huiweka kwenye kuta na pembeni ya msingi ili joto la nyumba lisitoke wakati wa theluji. Maduka ya vifaa vya ujenzi huiuza kwa ubao mzima, futi 4 kwa futi 8, yaani karibu mita 1.2 kwa mita 2.4, na unene wa inchi 1 au 2. Ubao mmoja hutoa makaburi manne hivi, na mtoto anaweza kubeba kaburi kwa mkono mmoja.

Mzee huchora umbo kwa kalamu, kisha anakata. Wanaoanza hutumia kisu chenye makali au msumeno mdogo. Wazoefu hutumia waya uliopashwa moto kwa umeme. Mmeona sokoni mama anavyokata mche wa sabuni kwa waya? Ndivyo hivyo, ila huu ni wa moto na unayeyusha unapopita, njia yake inabaki laini kabisa. Moshi wake ni mbaya kwa kifua, ndiyo maana kazi hufanywa nje au mlango ukiwa wazi, na waya haushikwi na mtoto. Mtoto anapewa kazi nyingine, na kazi ziko nyingi.

Kuna maandishi, kwa mfano. Huandikwa kwenye karatasi, karatasi inabandikwa juu ya frigoliti, herufi zinafuatwa kwa ncha na kuchimbwa taratibu. Kuna nyufa, ambazo huchorwa kwa kisu halafu zikapanuliwa kidogo ili zionekane za kale. Na kuna ngozi ya jiwe, sehemu niliyoipenda kuliko zote. Unachukua karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia samaki wa kuchoma, unaikunja iwe mpira wenye mikunjo, unaubingirisha juu ya ubao ukikandamiza. Frigoliti inabonyea mahali elfu, na ghafla haifanani tena na plastiki. Mtoto wa miaka sita anaifanya vizuri kuliko mtu mzima, maana hana haraka ya kupanga.

Kwenye rangi ndipo wengi huharibu. Rangi ya kupuliza ya mkebe ina kemikali inayokula frigoliti: unapuliza, na jiwe linatoboka na kunyauka mbele ya macho yako. Gundi nyingi zinafanya vile vile. Kwa hiyo kwanza hupakwa rangi ya maji, ile ya ukutani, kila pembe, au rangi nzito ya kuzuia maji yenye punje kama za mchanga, ambayo ikikauka mkono wako utaapa kwamba umegusa jiwe. Wajanja wameigeuza hasara kuwa faida: wanapuliza kidogo kwa makusudi mahali wanapotaka, ili kaburi lionekane limeliwa na mvua ya miaka mia moja. Juu ya kijivu hupita rangi nyeusi iliyochanganywa na maji mengi, na kabla haijakauka inanyunyiziwa maji ishuke yenyewe kama michirizi ya mvua. Mwisho ni brashi karibu kavu, yenye rangi nyeupe kidogo sana, inagusa kingo tu.

Frigoliti haina uzito, na upepo wa mwezi wa kumi unaweza kulipeleka kaburi hadi kwa jirani. Basi nyuma yake hubandikwa bomba la plastiki, nondo inapigwa ardhini, na bomba linavishwa juu ya nondo. Mkono unaotoka udongoni, uliomliza dada wa yule mama, ni glavu iliyojazwa povu la mkebe, lile ambalo mafundi hulitia kwenye nyufa za milango na ambalo huvimba kama unga wa mkate. Limekauka, limechongwa kidogo, limepakwa rangi. Basi.

Na majina yaliyoandikwa? Si ya wafu. Ni mizaha. Moja linasema Barry M. Deep. Ukilitamka haraka kwa Kiingereza unasikia “wazike chini sana”. Watu wanapita, wanasoma, wanacheka. Mzee ana makaburi zaidi ya ishirini na hakuna hata moja lenye jina la mtu aliyeishi, na nilipomuuliza kama aliwahi kuandika la jirani alishtuka, akasema hilo lingekuwa tusi.

Kitu kimoja hakifanyii mzaha, nacho ni moto. Frigoliti hushika haraka na moshi wake una sumu, kwa hiyo mishumaa yake yote ni taa ndogo za batri. Ninyi mnaolala kwenye mahema yaliyosongamana hamhitaji mtu wa kuwaeleza moto na plastiki.

Wapo wanaonunua badala ya kutengeneza. Tangu 2020 duka la Home Depot linauza kiunzi cha mifupa cha plastiki chenye urefu wa futi 12, zaidi ya mita tatu na nusu, na kilianza kwa dola 299. Watu walikigombania. Mimi namheshimu zaidi yule aliyekata ubao wake mwenyewe, na nadhani kila aliyewahi kuunda gari la waya, au mpira wa mifuko na kamba, au aliyemwona fundi wa Goma akichonga chukudu kutoka kwenye gogo, atanielewa.

Sasa niambieni, katika kazi hiyo yote, uchawi uliingilia wapi? Kwenye kisu au kwenye rangi?

Najua jibu la wengine: si kitu chenyewe, ni siku yenyewe. Haya, tuitazame. Jina Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, ile Toussaint ambayo Wakatoliki wa huku huisherehekea tarehe 1 Novemba, na kesho yake marehemu wote. Ndani ya mkesha huo kuna pia desturi za kale za Waairishi, za mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, zilizokuwapo kabla ya kanisa; hilo sitalificha. Waliozibeba kuzipeleka Marekani kwa wingi ni Waairishi waliokimbia njaa kubwa ya miaka ya 1845 hadi 1852. Wakimbizi, kwa neno letu. Kwao walikuwa wakichonga viazi na mizizi na kutia taa ndani. Kule wakakuta maboga, wakachonga maboga.

Na jambo jingine ambalo wachache huku wanalijua. Mwaka 1950, katika eneo la Philadelphia, watoto walianza kubisha hodi usiku huo wakiomba sarafu badala ya bonboni, kwa ajili ya watoto wa nchi zilizoharibiwa na vita. Sarafu hizo zilipelekwa UNICEF, nayo ikaendeleza desturi hiyo kwa visanduku vya rangi ya machungwa. Hiyo ni UNICEF ile ile ambayo jina lake mnaliona kwenye matanki ya maji na mabegi ya shule ya watoto wenu. Sisemi kwamba kwa hiyo Halloween ni takatifu. Nasema tu kwamba mkono unaobisha hodi kule si lazima uwe wa shetani.

Hapa niweke neno moja la pembeni. Barakoa za Wasongye na za Wapende, zilizochongwa na mababu wa nchi hii, leo zimefungiwa vioo katika makumbusho ya Ulaya na watu hulipa kuziona. Wakati wa wazungu wa kwanza, sanamu na barakoa nyingi za namna hiyo zilichomwa kwa amri ya watu waliotazama mara moja na kusema: uchawi. Hawakuuliza nani alichonga, kwa nini, huvaliwa siku gani. Watu tuliohukumiwa hivyo tungepaswa kuwa wa mwisho kuhukumu hivyo.

Lakini siwezi kumaliza upande mmoja tu, maana hofu ya wazee wetu haikutoka hewani, na si yote ni ujinga.

Fikirieni koko aliyekimbia kijiji chake usiku. Amewaacha wafu ambao hakuwazika, au aliwazika kwa mikono kwenye udongo wa mtu mwingine, bila msalaba, bila jina, na leo hawezi kurudi hata kupaonyesha. Kwetu tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi: asubuhi tunakwenda makaburini, tunafyeka majani, tunapaka chokaa, mchana tunakula na wazazi walio hai. Yeye siku hiyo anakaa mbele ya hema, hana pa kwenda kufyeka. Halafu anaonyeshwa picha ya mjukuu wake akiwa na kaburi zuri, lenye jiwe lililochongwa na herufi zilizonyooka, na ndani hakuna mtu. Ni la kuchezea. Mimi nilipokaa na wazee kambini nikawaeleza habari ya frigoliti, mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ubao ule unaweza kudumu kwenye mvua ya huku. Nilielewa alichokuwa anafikiria. Nilimjibu kwamba ukipakwa rangi vizuri hudumu miaka, ila jua huumaliza taratibu na upepo huung'oa usipofungwa.

Kwa hiyo nikisema hii si uchawi, sisemi kwamba haiumi.

Na kuna mambo kwenye parseli zile ambayo mimi mwenyewe nayakataa. Kaburi lenye mzaha ni kitu kimoja. Mfuko mweusi wenye umbo la maiti ulioning'inizwa mtini ni kitu kingine. Mtu aliyevaa barakoa anayeruka kutoka kichakani na msumeno wa mashine, milio kama ya risasi, viungo vya plastiki vyenye damu kwenye njia ya watoto: kwa Mmarekani ambaye vita ameiona kwenye televisheni, huo ni mchezo. Kwa mtoto aliyepita juu ya miili akiwa mgongoni mwa mama yake, si mchezo, na hakuna rangi itakayoufanya uwe mchezo. Ndugu zangu wa Marekani wengi huvumilia kimya kwa kuogopa kuonekana washamba. Nawaambia: semeni. Mmarekani wa jirani hajui mlikotoka. Ndugu yangu alimwambia yule mzee, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba mke wake hawezi kupita mbele ya mfuko ule. Mzee aliutoa jioni ile ile, na makaburi yakabaki.

Yapo pia mambo madogo ambayo familia zinazofika mpya hazielezwi na mtu. Kule taa ya barazani ndiyo inayosema. Ukiiwasha usiku wa tarehe 31, watoto watabisha hodi wakitaka bonboni. Ukiizima, wengi watapita bila neno, na hakuna atakayekasirika. Mzazi asiyetaka mtoto wake ashiriki, kwa sababu ya imani yake au ya kumbukumbu zake, ana haki hiyo kamili, na hahitaji kuomba msamaha kwa mtu. Kinachonisumbua ni mtoto anayefungiwa chumbani kwa vitisho, akiwasikia wenzake wa darasa wakipita dirishani, kwa sababu tu koko au shangazi aliye mbali maelfu ya kilometa ametuma sauti kwamba mtaa mzima umekodiwa na pepo. Mtoto huyo kesho anakwenda shule na hana la kusimulia.

Kwa wachungaji na mapadri wanaotusikiliza, nina ombi. Mkiulizwa habari za picha hizi, na mtaulizwa, tafadhali msijibu kuhusu mtoto. Jibuni kuhusu siku, kuhusu desturi, kuhusu imani mnayoifundisha. Semeni kama mnaikataa na kwa nini. Lakini jina la mtoto lisitajwe madhabahuni, wala la ndugu zake waliobaki.

Na kwa sisi tulio kwenye makundi ya familia. Katika mwezi wa kumi Grand Rapids iko nyuma yetu kwa saa sita. Watoto wakitoka saa moja jioni kule, huku ni saa saba usiku, kwa hiyo picha zitaingia tukiwa tumelala, na atakayeamka wa kwanza ndiye atakayetoa hukumu ya wote. Asitume sauti. Angoje hadi saa tisa alasiri, ambapo kule ni asubuhi, ampigie mama au baba wa mtoto moja kwa moja, si kwenye kundi, kisha aombe apewe mtoto mwenyewe. Amuulize jiwe lake ameliandika jina gani, na mpira wa aluminiamu aliubingirisha mara ngapi.